Nani kasema ajali haina kinga? Somo la kamba kwa tulioko Minnesota

Kuna usemi mmoja tuliokuja nao toka nyumbani ambao nadhani tungeuacha uwanja wa ndege. Usemi wenyewe ni huu: ajali haina kinga. Basi likipinduka tunasema ajali haina kinga. Fundi akianguka toka ghorofani tunachanga rambirambi, tunasema ajali haina kinga, na wiki inayofuata fundi mwingine anapanda pale pale kwa kamba ile ile. Sikatai kwamba usemi huu unatufariji tukiwa msibani. Tatizo ni kwamba siku ambazo hakuna msiba unatufunga midomo. Kama ajali haina kinga, ya nini kuuliza maswali?

Leo nataka kuupinga usemi huu kwa kutumia jambo ambalo wengi wetu hatukukulia nalo: kushuka ukuta wa mwamba, au ukuta wa ghorofa, kwa kamba. Nimelichagua kwa sababu linatuhusu hapa Minneapolis na Saint Paul kuliko tunavyodhani. Halafu ni shughuli ambayo kila kifaa chake, hata fundo dogo la kidole kimoja, kimewekwa pale kuzuia ajali moja inayojulikana. Ukielewa jinsi mtu anavyoshuka salama kwa kamba, hutasema tena kirahisi kwamba ajali haina kinga.

Linatuhusu vipi? Kwanza kupitia watoto wetu. Mji wetu huu uko tambarare, lakini ukiendesha gari kama saa moja kuelekea kaskazini mashariki unafika Taylors Falls, kwenye mto St. Croix unaotenganisha Minnesota na Wisconsin. Pale kuna hifadhi ya jimbo iitwayo Interstate, iliyoanzishwa mwaka 1895, na kingo za mto ni miamba myeusi ya volkano yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Watu huenda pale kupanda miamba na kushuka kwa kamba. Vikundi vya vijana navyo huenda. Mwanao wa darasa la nane anakuletea karatasi ya ruhusa, na wewe umetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, macho mazito, unasaini bila kusoma. Au unakataa bila kusoma, kwa kuwa "mambo ya Wazungu hayo". Yote mawili ni kosa lile lile: hukuuliza.

Pili ni kazi. Kijana aliyechoka kubeba boksi ghalani anasikia kwamba wanaosafisha vioo vya maghorofa ya katikati ya mji wanalipwa afadhali. Hakuna anayemdai cheti cha chuo. Anapewa mkanda, anapewa ndoo, anaonyeshwa kidogo, na baada ya muda si mrefu ananing'inia juu ya Nicollet Mall. Mama yake kule Tanga au Kisumu anajua tu kwamba mtoto "amepata kazi ya usafi".

Basi tuanze na kazi yenyewe, tuone kamba inafanya nini.

Kanuni ya kwanza ya watu wa kamba ni kwamba kushuka ni hatari kuliko kupanda. Inashangaza, lakini fikiria. Anayepanda anajishika kwa mikono na miguu yake, na kamba ipo tu kumdaka akiteleza. Anayeshuka ameuachia uzito wake wote juu ya kamba na mahali ilipofungwa. Hana kingine. Zaidi ya hapo, anayeshuka mara nyingi amechoka, jua linazama, na moyoni anaona kazi imekwisha.

Mfano mkubwa tunao nyumbani. Mwezi Septemba 1970 madaktari wawili wa Austria, Gerhard Judmaier na Oswald Oelz, walifika Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199. Kupanda kulikwenda vizuri. Walipoanza tu kushuka, Judmaier alishika jiwe kubwa lililoonekana imara, jiwe likang'oka, naye akaanguka nalo na kuvunjika mguu vibaya. Kumtoa pale kulichukua zaidi ya wiki moja. Watu wa Mountain Club of Kenya walipanda na kushuka katika baridi kali, waokoaji wengine wakaletwa kwa ndege kutoka Innsbruck, na rubani mmoja wa helikopta aliyekuja kusaidia alianguka na kufa. Judmaier alipona. Ukitazama chanzo cha yote hayo utakuta jiwe moja lililoaminiwa bila kujaribiwa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni nanga, yaani pale kamba inapofungwa. Watu wa miamba hawafungi kamba mahali pamoja. Hufunga penye nguzo mbili au zaidi zisizotegemeana: mti mkubwa ulio hai, vyuma vilivyotobolewa ndani ya mwamba mzima, na uzito unagawanywa ili kimoja kikishindwa kingine kibebe. Ajali inayozuiliwa hapa ni ile ya nanga kung'oka.

Na hapa niseme neno juu ya miamba ya mji wetu, maana si yote ni kama ile ya Taylors Falls. Kingo za Mississippi ndani ya Minneapolis na Saint Paul zina chokaa juu na mchanga laini chini yake. Mchanga ule ni laini kiasi kwamba wahamiaji wa karne ya kumi na tisa walichimba mapango kwa sururu na koleo ili kuhifadhia bia. Mtu asikudanganye kufunga kamba pale kwa sababu "ni karibu na nyumbani". Tusisahau pia tarehe 22 Mei 2013. Watoto wa darasa la nne walikwenda na shule yao kutafuta visukuku katika hifadhi ya Lilydale, Saint Paul, baada ya mvua kubwa. Mteremko uliolowa ukaporomoka. Watoto wawili walifariki, wa miaka 9 na 10, na wote wawili walitoka katika familia za wahamiaji wa Kiafrika. Hawakuwa kwenye kamba, na wazazi wao hawakukosea chochote. Nautaja msiba ule kwa heshima, kwa sababu moja tu: ardhi nayo hukaguliwa, hasa baada ya mvua, na swali la nani ameikagua ni swali halali kabisa kwa mzazi.

Kitu cha pili ni kamba yenyewe. Sisi watu wa pwani na Tanga tunajua kamba. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukatulisha vizazi kadhaa. Kamba ya katani inafunga ng'ombe, inafunga mizigo, inavuta ndoo kisimani. Lakini kamba ya katani ikilowa na kukauka mara nyingi huoza kwa ndani wakati nje inaonekana nzima. Kamba ya kushukia siku hizi ni ya nailoni, ina moyo wa nyuzi ndani na ala iliyosukwa nje kuulinda moyo huo. Muundo huo ulibuniwa Ujerumani mwaka 1953. Hata hiyo inazeeka. Jua linaila, dawa za kusafishia zinaila, mchanga unaingia ndani na kukata nyuzi. Ndiyo maana hairuhusiwi kukanyagwa, na ndiyo maana hupapaswa kwa vidole urefu wake wote kabla ya kutumika, kutafuta pale palipokuwa laini au palipovimba. Kamba ambayo hakuna anayejua umri wake ni ya kuanikia nguo.

Kitu cha tatu ni ukingo. Kamba iliyobeba mtu ikisuguana na ukingo wa jiwe au wa zege inakatika kama inavyokatwa na msumeno, tena haraka. Kinga yake ni ya bei rahisi: kipande cha turubai nene, au bomba la plastiki lililopasuliwa, kinawekwa pale kamba inapopindia. Kitambaa cha dola chache kinalinda uhai wa mtu.

Kitu cha nne ni mkanda wa mwili, unaokaa kiunoni na mapajani. Kujifunga kamba kiunoni pekee, kama wafanyavyo wachimbaji wengine kule nyumbani, kunabana mbavu na pumzi hata kama hukuanguka. Kwenye mkanda kunafungwa kifaa cha chuma kinachopitisha kamba kwa kuisugua, hiyo ndiyo breki. Mkono wa chini unashika kamba na hauachii. Nasisitiza, hauachii, hata nyuki akikuuma. Wale wa kwenye sinema wanaoruka na kudunda ukutani wanapendeza, lakini kila mdundo unaiongezea nanga mzigo. Anayejua hushuka polepole, miguu imeachana kidogo, kama mzee anayeshuka ngazi kinyumenyume.

Je, mkono ukiachia? Jiwe likikupiga ukazimia? Hapo ndipo lilipo fundo dogo nililotaja mwanzo. Mwalimu mmoja wa Austria, Karl Prusik, alilitangaza mwaka 1931. Ni kitanzi chembamba kinachozungushwa juu ya kamba kubwa. Ukikisukuma kwa mkono kinateleza, lakini kikivutwa ghafla kinauma na kushika. Ukizimia, unabaki pale pale ulipo. Na mwishoni mwa kamba, kule chini, kunafungwa fundo lingine, kwa sababu watu wengi hodari, wenye uzoefu wa miaka, wamekufa kwa kushuka hadi kamba ikawaishia mkononi. Fundo hilo linafungwa kwa sekunde kumi.

Yaliyobaki ni kofia ngumu, maana mawe huanguka, na nywele na nguo. Nywele ndefu, rasta, mtandio, hijabu yenye ncha inayoning'inia, vyote vinaweza kuvutwa ndani ya breki. Dada zetu wasiambiwe kwamba mchezo huu si wao. Waambiwe tu kwamba ncha zote ziingizwe ndani ya nguo na nywele zifungwe. Mwisho wa yote, watu wawili wanakaguana: wewe unamkagua yeye, yeye anakukagua wewe, kwa sauti, kitu kimoja kimoja, hata kama ni mara ya mia mbili. Hakuna kusema "mimi najua".

Sasa tuangalie ghorofani, kwani hapa kuna sheria, na sheria hii wengi wetu hatuijui.

Mwezi Novemba 2016 idara ya usalama kazini ya serikali kuu ya Marekani, OSHA, ilitoa kanuni mpya juu ya kazi za mahali pa juu, zikaanza kutumika Januari 2017. Humo kuna sehemu nzima ya kushuka kwa kamba. Naieleza kwa Kiswahili chetu. Mwenye jengo lazima amwandikie mwajiri wako kwamba nanga za paa zimekaguliwa, zimepimwa na kuthibitishwa, na kila nanga iweze kubeba ratili 5,000, karibu kilo 2,268, kwa kila mtu aliyefungwa hapo. Ukaguzi ni kila mwaka, na uthibitisho mpya usizidi miaka 10. Mwajiri haruhusiwi kukutundika kabla hajaipata karatasi hiyo. Lazima uwe na kinga ya pili ya kukudaka, inayojitegemea, kando na kamba unayoshukia. Vifaa vinakaguliwa mwanzo wa kila zamu. Kamba inalindwa kwenye ukingo. Upepo mkali au hali mbaya ya hewa, hakuna kushuka. Urefu usizidi futi 300, kama mita 91, isipokuwa mwajiri aweze kuthibitisha kwamba njia nyingine haiwezekani au ni hatari zaidi. Jengo refu kuliko yote hapa kwetu, IDS Center, lina mita 241, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Kuna mambo mawili zaidi ndani ya kanuni hizo ambayo ningependa yabandikwe kwenye mlango wa kila msikiti, kanisa na duka letu la nyama. La kwanza: mafunzo lazima yatolewe kwa namna ambayo mfanyakazi anaelewa. Kama Kiingereza chako bado cha kuokoteza, kuonyeshwa video ya dakika ishirini na kusainishwa si mafunzo. La pili: mwajiri awe na njia ya kumwokoa haraka aliyekwama. Mtu aliyening'inia kwenye mkanda bila kusogeza miguu, damu inatuama miguuni, na anaweza kuzimia baada ya muda mfupi. Kusema "tutapiga 911" pekee, kwangu mimi, si mpango. Lazima awepo mtu pale pale anayejua atamfikiaje.

Najua wapo watakaosema: hizo ni kanuni za kwenye makaratasi, bosi hajali. Kwao nawakumbusha kilichotokea hapa hapa mwezi Agosti 2022. Wasafisha madirisha wa maghorofa ya Minneapolis na Saint Paul, wanachama wa chama cha wafanyakazi SEIU Local 26, waligoma. Walikuwa watu wachache, si maelfu. Mishahara ilikuwemo katika madai yao, lakini dai lililosikika sana lilikuwa mafunzo: walitaka mpango rasmi wa uanagenzi unaotambuliwa na jimbo, ili asitundikwe ukutani mtu ambaye hajui anachokifanya. Mgomo haukumaliza mwezi. Walirudi kazini wakiwa na makubaliano, na mpango huo wa mafunzo ukiwemo ndani.

Tafakari jambo hilo. Wenye uzoefu walipoteza mshahara wa siku kadhaa ili mgeni anayeajiriwa kesho afundishwe vizuri. Wao walishajua kazi. Waliyempigania ni yule kijana wetu anayebeba boksi na kuota vioo vya ghorofani. Chama hicho hicho kina wafagiaji wa maofisi na wafanyakazi wengine, wakiwemo watu wengi wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo si chama cha watu wa mbali.

Sasa nije kwenye kiini cha makala hii. Kinachotuweka hatarini mara nyingi si kamba. Kamba nzuri zipo na kanuni zipo. Kinachotuweka hatarini ni kunyamaza. Tumelelewa kwamba mkubwa haulizwi. Mwalimu akisema saini, unasaini. Bosi akisema shuka, unashuka. Ukiongeza na hofu ya makaratasi, ndiyo basi. Mtu anajiambia: mimi hapa sina hata kadi ya kijani, nianze kumuuliza Mzungu karatasi ya nanga?

Ndiyo, uliza. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 1970 inamlinda mfanyakazi bila kujali hali yake ya uhamiaji. Inakataza mwajiri kumfukuza au kumwadhibu mtu kwa kuuliza au kulalamika juu ya usalama, na anayeadhibiwa anapewa siku 30 tu kupeleka malalamiko, kwa hiyo asichelewe. Minnesota ina idara yake yenyewe ya usalama kazini, na sheria ya jimbo inampa mfanyakazi haki ya kukataa, kwa nia njema, kazi ambayo ana sababu ya kuamini kwamba ni hatari ya papo kwa papo kwa uhai wake. Mwambie kwanza mwajiri arekebishe. Mwambie mbele ya shahidi, au kwa ujumbe wa simu unaobaki.

Sisemi hofu ya watu ni ya bure. Naijua hofu hiyo, na nyakati hizi ina sababu zake. Kanuni inaweza kukulinda mahakamani lakini isikulipie kodi ya nyumba mwezi huu. Ndiyo maana sipendi ushauri wa "pigania haki yako" unaotolewa na mtu aliyekaa kwenye kiti. Ushauri wangu ni mdogo zaidi: usiulize peke yako. Wawili wakiuliza ni vigumu kuwaita wakorofi. Wanne wakiuliza, hicho ni kikao. Waliogoma mwaka 2022 hawakuwa mashujaa wa sinema, walikuwa watu walioulizana wao kwa wao kwanza.

Na kwa mzazi aliyeletewa karatasi ya ruhusa, mambo ni rahisi zaidi, maana hapo hakuna wa kukufukuza kazi. Piga simu. Uliza nani anaongoza na amefundishwa wapi. Uliza kama kila mtoto atakuwa na kamba ya pili ya usalama inayoshikwa na mtu mzima, kwani kwa wanaoanza ndivyo inavyopaswa kuwa. Uliza kofia ngumu, uliza mvua ikinyesha itakuwaje, uliza nani anafanya uokoaji mtoto akikwama katikati kwa woga. Uliza kama wamechukua kibali, kwa sababu Interstate wapanda miamba hutakiwa kuchukua kibali, nacho ni bure. Kiongozi mzuri atafurahi kuulizwa, tena atakujibu zaidi ya ulichouliza. Anayekasirika, mwanao abaki nyumbani siku hiyo. Ukijibiwa vizuri, saini na umwache mtoto aende. Nasema hivyo kwa dhati. Mtoto aliyeshuka mita ishirini za mwamba, akajifunza kumkagua mwenzake na kukaguliwa, amepata kitu ambacho simu yake haiwezi kumpa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini kumfungia ndani si malezi.

Ndugu zangu mlioko nyumbani msione haya ni ya Marekani. Minara ya simu inapandwa kila siku Dodoma na Eldoret. Wapaka rangi wananing'inia kwenye majengo ya Dar es Salaam na Nairobi. Mererani vijana wanashuka mashimoni kufuata tanzanaiti, na wachimba visima wanashushwa kwa kamba vijiji vyote. Tanzania ina sheria yake ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, na wakala wake unaitwa OSHA vile vile. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Fizikia ni ile ile: nanga ya pili, kamba ya pili, kitambaa kwenye ukingo, fundo mwishoni, mwenzako akukague. Mengi ya hayo hayahitaji msaada wa wafadhili. Fundo halinunuliwi.

Nina pendekezo kwa jumuiya zetu hapa, za Watanzania, Wakenya, Waganda, Wakongo, Wasomali na wengine. Kila mwaka tunafanya sherehe za uhuru, tunakodi ukumbi, tunakula pilau, tunacheza mpaka usiku wa manane. Vizuri. Safari hii tutenge saa mbili mchana. Tumwite msafisha madirisha mmoja mwenye uzoefu na mtu mmoja wa chama cha wafanyakazi. Tumwite na mwalimu wa kupanda miamba. Waje na kamba na mikanda, waifunge kwenye nguzo ya ukumbi, vijana na wazazi waishike kwa mikono yao. Tafsiri ifanywe kwa Kiswahili na Kisomali. Gharama yake haifiki nusu ya gharama ya DJ. Na tukumbuke, fedha za rambirambi tunazipata kwa siku mbili. Tunashindwaje kuzipata za kinga?

Majira ya joto yakifika katikati ya mji, tazama juu unapopita. Utawaona wamening'inia kwenye vioo, wadogo kama buibui. Ukitazama vizuri utaona kila mmoja ana kamba mbili. Ukiona mmoja ana kamba moja, usiseme ajali haina kinga. Simama, toa simu, piga idara ya usalama kazini. Huyo ni mtoto wa mtu.